Uzi maalumu wa wale mabibi wanne wa Miami (The Golden Girls)

Zamu ya Usiku (mleta uzi)

Wanajamvi, wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Uzi huu nimeuahidi tangu mwaka jana, kila nikiuanza usingizi unanishinda. Leo niko zamu, wazee wamelala, nje kuna baridi ya kugandisha kope. Nitaandika mpaka kengele ilie.

Wanaonijua wanajua natunza wazee huku Minnesota, usiku. Kila baada ya saa mbili napita vyumbani: namgeuza ubavu asiyeweza kujigeuza, nabadilisha nepi, nasogeza kikombe cha maji pale mkono unapofika. Mwisho wa korido kuna bibi mmoja ambaye usiku halali. Mwezi wa kwanza mzima hakunisemesha zaidi ya "weka hapo" na "funga mlango". Usiku mmoja nikaingia na shuka, nikakuta televisheni inaonyesha kibibi kifupi chenye nywele nyeupe na mkoba wa ukindu mkononi, kinamchambua binti yake mrefu kama mnazi. Mgonjwa wangu alikuwa anacheka hadi miwani imemshuka. Nikauliza, huyo nani? Akanionyesha kiti kwa kidole. Nilikaa dakika kumi. Huu sasa ni mwaka wa tatu.

Kwa wasiowajua: ni kipindi cha vichekesho cha Marekani, kilianza kurushwa NBC tarehe 14 Septemba 1985, Jumamosi usiku, kikaisha Mei 1992. Misimu 7, sehemu 180. Kimebuniwa na mwanamama anaitwa Susan Harris. Wanawake wanne wanaishi nyumba moja Miami. Blanche, mjane, mwenye nyumba, mtu wa Kusini, hakuna mwanamume anayepita mbele yake asipimwe kuanzia viatu. Rose, mjane pia, mshamba wa moyo mweupe kutoka kijiji cha kubuni kinachoitwa St. Olaf, hukuhuku Minnesota nilipo mimi. Dorothy, mwalimu wa kushikilia vipindi vya wenzake, mumewe Stan alimwacha baada ya miaka 38 akakimbia na mhudumu wa ndege. Na Sophia, mama yake Dorothy, Mtaliano wa Sicily.

Sasa Sophia alifikaje pale? Alikuwa kwenye nyumba ya wazee inayoitwa Shady Pines, ikaungua. Tuko kwenye sehemu ya kwanza kabisa hapo. Anashuka kwenye teksi, anaingia, haondoki tena kwa miaka saba. Na mnajua kwa nini anasema lolote linalomjia? Wameeleza mapema kwamba aliugua kiharusi kikamharibia ile sehemu ya ubongo inayomshika mtu ulimi. Halafu Dorothy akichoshwa naye anamtishia kwa maneno mawili tu: "Shady Pines". Mama anatulia.

Mimi nafanya kazi Shady Pines, jamani. Hivyo ndivyo ninavyokiona kipindi hiki: niko ndani ya lile jengo ambalo wao wanalikimbia. Na wanaocheka kwa sauti kubwa kuliko wote utani huo unapotajwa ni wazee wangu. Mmoja akinikasirikia kwa sababu ya uji wa moto hunitazama tu, akasema ipo siku nami nitaletewa kiberiti. Mwanzoni niliogopa, nikaripoti. Msimamizi akacheka, akaniambia nenda kaangalie sehemu ya kwanza.

Karibuni. Anayewajua atupie anachokipenda. Anayewachukia pia, kiti kipo.

Leso Mbili

Weye dada umenigusa! Mimi wa Mombasa, nliwaona kwa kanda za video alizoleta mjomba akitoka ubaharia. Kizungu chenyewe hatukijui sawasawa, lakini vijembe havitaki mfasiri. Mama alikuwa akimtizama Dorothy akinyamaza, yuwasema, "Ngoja, yuaja nalo." Na kweli, yule mwanamke alikuwa akinyamaza sekunde tatu, nne, ageuze shingo polepole, watu wa ukumbini washaanza kucheka naye hajafungua mdomo bado. Sijaona jicho kama lile ila kwa shangazi zangu arusini.

Sisi nyumbani tulikuwa tukiwachagulia leso, kila mmoja na jina lake. Dorothy: "Sina siri nina jibu." Rose: "Wema hauozi." Blanche, Mungu atusamehe: "Japo sipati, tamaa sikati." Sophia tulibishana siku mbili mpaka bibi akakata shauri: "Mdhaniaye ndiye kumbe siye." Kwa sababu ukimwona ni kizee cha kutiliwa huruma, ukijikurubisha wachunwa.

Zamu ya Usiku

Leso Mbili, hiyo ya Sophia imepita kiasi. Hujui ulivyolenga, maana hata muigizaji mwenyewe alikuwa "kumbe siye". Estelle Getty aliyecheza mama alizaliwa Julai 1923. Bea Arthur aliyecheza binti alizaliwa Mei 1922. Mama mdogo kwa bintiye kwa mwaka na zaidi! Wigi jeupe, vipodozi vya kumzeesha, gauni la bibi, basi. Na mkubwa kuliko wote alikuwa Betty White, Januari 1922, yule tunayemwona kama kitoto cha kundi. Rue McClanahan ndiye aliyekuwa mdogo hasa, wa 1934.

Kingine nilichokipenda: Betty na Rue walipewa nafasi kinyume mwanzoni. Betty alikuwa amewahi kucheza mwanamke mwenye uchu wa wanaume kwenye kipindi kingine, Rue naye alishacheza jirani mjingamjinga pembeni ya huyohuyo Bea Arthur. Kwa hiyo wakapangiwa yale waliyozoeleka. Mwongozaji wa sehemu ya kwanza, Jay Sandrich, akasema wabadilishane. Nikimtazama Rose nafikiria hiyo. Mtu anayejua sana ukora ndiye aliyepewa kucheza asiyejua chochote, ndiyo maana ule ujinga wake una akili. Anaposimulia vita vya samaki aina ya heringi huko St. Olaf, ukoo mmoja unataka kuwatia siki na ukoo mwingine unataka kuwafundisha michezo ya sarakasi, uso wake haupepesi. Anaamini. Wenzake ndio wanaokaribia kupasuka.

Kahawa Chungu

Nimesoma kwa heshima zote lakini niwaulize. Hivi hicho si kielelezo cha kinachowasumbua wazungu? Wanawake wazima wana watoto, wana wajukuu, halafu wanapanga chumba kama wanafunzi wa chuo. Blanche mwenyewe kawapata hao wenzake kwa tangazo alilobandika dukani, sijakosea? Kwetu bibi hapangi. Bibi anakaa kwa mwanawe, anakula, anapumzika. Sioni cha kusifia hapo.

Zamu ya Usiku

Kahawa Chungu, hujakosea, tangazo ni la dukani. Ila hapo kwenye "kwetu bibi hapangi" nina la kusema.

Bibi yangu mzaa mama aliishi Korogwe, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani jiko na choo. Babu alipofariki wanawe wanne wote walikuwa mjini. Walitaka kumchukua. Alikwenda Dar miezi miwili, akakaa kwenye kochi akiangalia ukuta na kungoja watu warudi kazini. Akarudi kwake. Vyumba viwili akawapa wajane wenzake, mmoja alilipa kodi, mwingine alilipa kwa kuni na mdomo. Jioni walikaa uani wanachambua mchele, wanachambua na watu. Nilipokuwa mdogo nilidhani wanagombana. Kila siku "wewe na ushamba wako wa Handeni", "wewe na mabwana zako". Yule mmoja alipougua malaria bibi alilala naye chini kwenye mkeka siku tano.

Kwa hiyo nilipoiona ile meza ya jikoni Miami, keki ya jibini katikati, wanawake na magauni ya kulalia saa nane usiku kwa sababu mmoja wao kakosa usingizi, sikuona uzungu. Niliona uani. Angalia hata meza yenyewe: wako wanne, viti vitatu, ili kamera isipate mgongo wa mtu. Basi daima mmoja amesimama, au kajibanza pembeni, kama kwetu mwenye kigoda na asiye na kigoda.

Ni kweli watoto wao wako mbali. Lakini kipindi hakiwalilii. Kinauliza mtu akishamaliza kuwa mke wa fulani na mama wa fulani, bado ana miaka ishirini mbele, anakaa na nani? Swali hilo hata Korogwe lipo.

Kahawa Chungu

Umenipeleka uani kwa shangazi yangu Kilosa. Naendelea kusoma, sijakubali.

Mpwa wa Shangazi

Mimi nitaje ile ya Dorothy anayeugua. Msimu wa tano unaanza nayo, sehemu mbili, Septemba 1989. Mwanamke amechoka mpaka hawezi kuongea, anazunguka kwa madaktari, kila mmoja anamwambia huna kitu. Mpaka New York kaenda, bingwa anamwambia ni uzee na upweke. Baadaye anapata daktari anayemwambia una ugonjwa, una jina, ni wa uchovu usioisha. Analia kwa furaha ya kuambiwa anaumwa.

Mimi nilitembea na maumivu miaka minne. Hospitali moja waliniambia niolewe yataisha. Nyingine wakaniandikia vitamini na kuniambia nipunguze mawazo. Siwataji, wanajijua. Nilipokuja kupimwa sawasawa nilikutwa na uvimbe wa ukubwa wa chungwa. Kwa hiyo mnielewe, ile ya mgahawani niliirudia mara sita usiku mmoja. Wako wanasherehekea, Dorothy anamwona yule bingwa kwenye meza ya pili na mkewe. Anakwenda. Hapigi kelele. Anamweleza moja baada ya jingine alichomfanyia, na daktari akitaka kumkatiza, mkewe mwenyewe ndiye anayemnyamazisha amsikilize. Mkewe! Hapo niliweka simu chini nikatembea chumbani.

Zamu ya Usiku

Pole sana dada. Na yule Susan Harris aliandika yaliyomkuta, aliugua hivyohivyo, akazungushwa na madaktari hivyohivyo. Ndiyo maana ile hotuba haina mapambo.

Mhaya wa Zamani

Shikamooni wa umri wangu, marahaba wengine. Sina mazoea ya kuandika humu, lakini mjukuu wangu amenionyesha uzi huu kwa sababu anajua nakipenda kipindi hiki tangu nikisoma Ulaya.

Nataka niongelee ile ambayo Rose anapata barua ya hospitali. Ilirushwa Februari 1990. Alifanyiwa upasuaji wa nyongo miaka ya nyuma, akaongezewa damu, sasa wanamwambia damu ile huenda ilikuwa na virusi vya UKIMWI, aje apime, na majibu ni baada ya saa 72. Siku tatu za kungoja. Rose, mtu mwema kuliko wote nyumbani, anapandwa na hasira, anauliza kwa nini yeye, na Blanche anamgeukia kwa ukali kumwambia kwamba ugonjwa ule si wa watu wabaya, wala si Mungu anayeadhibu wenye dhambi.

Wengi wenu hamjui maana ya maneno hayo mwaka 1990. Mimi ni wa Kagera. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa kwetu mwaka 1983. Watu waliuita ugonjwa ule "Juliana", jina la nguo za magendo zilizokuwa zikivuka mpaka kutoka Uganda, kwa kuwa walioanza kufa walikuwa vijana wa biashara zile. Tulizika kila wiki. Na kwenye mazishi yaleyale, mbele ya mama wa marehemu, watu walinong'ona habari za laana na uasherati.

Kuna kitu kidogo katika sehemu ile kilichonikaa rohoni. Sophia, ambaye hamwogopi mtu, anaandika herufi R kwenye vikombe anavyotumia Rose. Hadhira inacheka. Mimi sikucheka. Nyumbani kwetu kikombe cha kaka yangu kilikuwa cha bati, cha bluu, kimeng'oka rangi ukingoni, na hakikuchanganywa na vya wengine. Hatukuwa watu wabaya. Tuliogopa. Mwandishi wa kipindi kile aliijua hofu ya aina hiyo, akampa mhusika anayependwa zaidi aibebe.

Samahani kwa kuwarefushia.

Leso Mbili

Hukurefusha babu. Shikamoo.

Kahawa Chungu

Shikamoo mzee. Nimeenda kuitafuta hiyo nikaiangalia sasa hivi. Natoa sentensi yangu ya "kielelezo cha wazungu". Ile ya kupanga chumba nabaki nayo.

Bomba la Mvua

Jamani mmefanya uzi umekuwa matanga. Mimi nataka Sophia! "Piga picha: Sicily, 1922." Hapo ndipo ninaponyoosha miguu. Ni paukwa pakawa kabisa, tofauti ni kwamba kwenye hadithi zake sungura ni yeye. Kila hadithi ina mkulima mzuri, wivu, na mwisho inageuka kuwa yule mtu wa kwenye hadithi ni mtu maarufu wa dunia, au haihusiani kabisa na shida waliyomletea.

Na mkoba! Anakwenda nao msalani. Mimi nina jirani hapa Morogoro ana mkoba wa ukindu kama ule na akipita nasema moyoni, Sophia huyo.

Zamu ya Usiku

Mkoba usiucheke, Bomba. Huku kazini mabibi wengi hawaachi mikoba. Mtu hana hela, hana funguo, hana safari, lakini nikimhamishia kwenye kiti cha magurudumu kwenda kula lazima kwanza nimpe mkoba mapajani. Niliwahi kumsaidia mmoja kuupanga upya: leso ya karatasi iliyotumika, kitana, picha ya mbwa, pakiti nne za sukari za mkahawani. Aliyehama nyumba yake yote kwenda chumba kimoja, nyumba iliyobaki ni ile. Sijui kama Estelle Getty alilifikiria hilo, ila anavyoushika ule mkoba, kwa mikono miwili, ni sawasawa kabisa.

Tena Estelle alipata shida ambayo watazamaji hatukuiona. Maneno yalikuwa yanamponyoka. Misimu ya mwisho waliandika mistari yake kwenye kadi kubwa nyuma ya kamera akawa anasoma. Baadaye sana ndipo ilipofahamika ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Alifariki Julai 2008, siku tatu kabla ya kutimiza 85. Bea akamfuata Aprili 2009, Rue Juni 2010. Betty alibaki peke yake zaidi ya miaka kumi, akaondoka tarehe 31 Desemba 2021. Bado wiki zisizotimia tatu afikishe miaka mia.

Nilikuwa zamu usiku ule. Habari ilipopita kwenye televisheni ya sebuleni, vitembezi vilisimama korido nzima.

Mpwa wa Shangazi

Kuna ile ya Sophia na mzee Alvin kwenye benchi la ufukweni, msimu wa tatu unaanza nayo. Yeye Mtaliano, mzee ni mweusi, wanazungumza kila siku. Siku moja mzee hakumbuki, anamkasirikia bure, na Dorothy ndiye anayegundua kwamba ana ugonjwa wa kusahau. Mwisho anahamishwa New York, Sophia anabaki na benchi. Hakuna muziki mkubwa, hakuna maneno. Nilivyosoma hayo ya Estelle sasa nashindwa kuiangalia tena.

Ila sehemu hiyohiyo ina yule mtoto mshenzi aliyemteka dubu wa kuchezea wa Rose na kudai fidia! Rose anavyompokonya na kumsukumia mlangoni nilipiga makofi. Watu wema wakifika mwisho, usiwe karibu.

Bomba la Mvua

Asante kwa kuturudisha kwenye kucheka hahaha. Nani anamkumbuka yule mpishi wa kiume kwenye sehemu ya kwanza? Katokea mara moja tu, kapotea kama mshahara. Niliwahi kudhani nimeota.

Zamu ya Usiku

Hujaota, aliitwa Coco. Walimwondoa walipoona Sophia ndiye aliyewasha moto jikoni, nafasi haikutosha kwa wote wawili. Na mimi naona ilikuwa sahihi. Wangekuwa na mpishi, nani angekaa mezani usiku wa manane?

Kahawa Chungu

Mleta uzi, swali la mwisho nilale. Huyo bibi wa chumba cha mwisho bado yupo?

Zamu ya Usiku

Yupo. Jina langu kashalisahau tangu Pasaka. Ananiita Korogwe. Ni kwamba katikati ya kumgeuza huwa namsimulia vya nyumbani, mbuzi wa mjomba aliyepanda treni bila tiketi, mwalimu aliyekwama mtini siku ya mkaguzi, na yeye siku ya kwanza aliinua mkono akasema basi, mimi ni Rose na huko kwetu ndiko St. Olaf. Sasa nikiingia tu anauliza, "Korogwe kuna nini leo?"

Msimu wa saba tumeuanza mara nne. Hatujawahi kuumaliza. Ile sehemu ya mwisho Dorothy anaolewa na mjomba wa Blanche, anahamia Atlanta, wenzake watatu wanabaki sebuleni. Anaaga, anatoka, anarudi kuwakumbatia, anatoka, anarudi tena. Bibi anajua inakuja. Gauni la harusi likionekana tu ananipokonya kidude cha mbali na kuzima, anasema turudi kwenye teksi. Kwa hiyo mwisho nimeuangalia peke yangu, kwenye simu, ndani ya basi la alfajiri, na abiria wa jirani akaniuliza kama nimepata msiba.

Jumamosi tunaanza tena na teksi. Haya, kengele hiyo. Nitarudi kusoma saa kumi na moja.